Siku Niliyofuturisha Watu Mchana Pale Dunga

Aibu hii ni yangu na nitaisimulia mwenyewe, maana najua huko mtaani Kaloleni, Kisumu, bado inazunguka na kila anayeisema anaiongezea chumvi. Tuliokuwepo ufukweni Dunga jioni ile ni hawa: mimi, Rehema binti Juma, ambaye wengi mnaniita Dani (nyanya kwa Kijaluo), Saumu, mke wa mwanangu wa pili Athumani, ndiye aliyenishika mkono kwenye mawe, Bi Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa marehemu Khalfani fundi cherehani, Ustadh Swalehe, imamu wa msikiti wetu mdogo, ambaye alipokuwa mtoto nilimfunga kamba za viatu (na alikuwa ananiheshimu sana mpaka siku hiyo), na Mama Atieno, mkaanga samaki wa pale ufukweni, mtu wa Pap Onditi kule Nyakach (ndiyo maana namwita nyar Nyakach, binti wa huko), Mkristo wa kanisani kabisa, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunauza dagaa wa omena meza moja. Wengine walikuwa waumini wa msikiti, kama arobaini hivi, na majina yao ninayo yote kichwani, lakini nikianza kuyataja hatutafika.

Ilikuwa ishirini na tisa Ramadhani. Siku hiyo jua likizama watu wote wanatazama magharibi, mwezi mwandamo ukionekana basi kesho ni Idi, usipoonekana tunafunga ya thelathini. Msikiti wetu una desturi ya kwenda kuutazamia Dunga kwa sababu pale mbele yako ni ziwa tupu mpaka vilima vya ng'ambo, hakuna ghorofa wala nguzo ya stima, na kila mtu anakwenda na tende zake na chupa ya maji ili afuturu hapo hapo. Adhana haifiki pale. Kwa hiyo Ustadh ndiye saa yetu, akisema kuleni tunakula.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu. Kwa miaka sita macho yangu yalikuwa na ukungu, nikawa mwezi nausikia tu kwa watu, wanasema ule pale Dani, na mimi naitikia alhamdulillahi huku natazama mahali pasipo na kitu. Halafu mwezi wa Rajabu daktari akanitoa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, na bandeji ilipofunguliwa cha kwanza nilichokiona ni mikono yangu iliyokunjamana, nikauliza hii ni ya nani, Saumu akacheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusoma vibao vya maduka kwa sauti. Na nikatangaza (hapa ndipo kiburi kilipoingia, ninakubali) kwamba mwaka huu atakayeuona mwandamo kwanza ni mimi, vijana wakae pembeni.

Basi tukaketi kwenye mikeka. Ustadh Swalehe akasema, "Asile mtu mpaka nirudi," akateremka na wanaume wachache kwenda kutawadha nyuma ya mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Mbali juu ya maji kulikuwa na wingu limelala, refu na jeusi kama blanketi lililoloa, na jua likashuka likaingia mle. Mara kila kitu kikawa kijivu. Upepo ukawa wa baridi, ndege weupe wakaanza kurudi kwenye mafunjo, na tumbo langu likasema Rehema, imekwisha.

Nikasema, "Jua limezama."

Bi Zuhura akatoa ile karatasi ya msikiti yenye saa za kufuturu, anaibeba kwenye mkoba kama cheti cha kuzaliwa, akasogeza miwani. "Bado dakika saba."

"Karatasi ndiyo inafunga au wewe ndiwe unafunga?"

"Dani, Ustadh amesema tungoje."

"Ustadh yuko nyuma ya mitumbwi, haoni. Mimi naona. Au hutaki kukubali kwamba nimepata jicho?"

Akarudia kuisoma karatasi yake kwa kidole. Na mimi nikachukua tende, kitu kidogo tu, tende moja, nikasema bismillahi kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, nikatia mdomoni. Watu wakaniona mtu mzima nakula, mwenye jicho jipya, mkwe wa masheikh wawili, wakasema eti Dani ameona, wakala. Mkeka wa kwanza ukala, wa pili ukala, wa tatu ukapitishiana sambusa. Bi Zuhura mwenyewe akakunja karatasi yake, akaguna, akala. Saumu (sikumtuma!) akampigia simu Athumani nyumbani Nyamasaria, "Mama anasema limezama, fungueni," na kule kulikuwa na mawingu ya mvua hawaoni kitu, na Athumani tangu azaliwe hajawahi kunibishia, akala yeye na watoto, halafu akampigia dada yake Halima aliyeolewa Ahero, naye akala na mumewe na mama mkwe wake ambaye hata hanipendi.

Nilikuwa nimefika tende ya pili.

Jua likatoka. Sijui niseme vipi mlielewe. Lile wingu lilikuwa na mwisho wake chini, na kati ya wingu na vilima kulikuwa na uwazi, jua likateremka likatokeza pale, jekundu, kubwa kama sinia la harusi, na mwanga ukakimbia juu ya maji ukaja mpaka kwenye mikeka yetu, ukatumulika sote midomo imejaa.

Hakuna aliyetafuna. Mama Atieno ndiye aliyeanza, ameshika kijiko cha kugeuzia samaki, "Woi yawa! Dani! Jua yenu imerudi! Imesahau nini huku?"

"Nyamaza wewe, nyar Nyakach."

"Mimi ninyamaze? Mwezi mzima mnanikatalia hata kuonja chumvi, leo mnakula mchana mbele yangu!"

Akacheka, wavuvi wakacheka, na mzee mmoja wa mtumbwi akauliza kama sasa Waislamu wa Kisumu wamebadilisha mpango. Ustadh akapanda kutoka majini mikono inachuruzika. Akatazama mikeka, akatazama jua. "Nani amesema muda umefika?"

Wala hawakuninyooshea kidole. Walinitazama tu, arobaini kwa pamoja.

"Ustadh, lilikuwa limezama," nikasema.

"Lile pale ni nini, Bi Rehema?" (Hakuniita Dani. Nililisikia hilo kuliko swali lenyewe.)

"Ni jua."

"Basi." Akawageukia watu, akasema kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi, kwamba waliokula wajizuie mpaka jua lizame kweli, na baada ya Idi kila mmoja ailipe siku hiyo kwa kufunga nyingine. Watu wote hao. Na Nyamasaria. Na Ahero.

Nikainuka nikaenda kukaa kwenye jiwe karibu na jiko la Mama Atieno, nikajifunika leso mpaka puani, kwa sababu kule mkekani Bi Zuhura alikuwa anaifungua ile karatasi yake polepole, anaikunja, anaifungua. Mama Atieno akaacha kucheka akanisogezea kigoda. Huyo ndiye rafiki.

Jua likazama, safari hii kweli. Ustadh akatoa ruhusa, watu wakafuturu bila furaha, wakasimama kutazama mwezi. Dakika kumi. Dakika ishirini. Vijana wenye macho yao makali wakasema hakuna, na Ustadh akasema tuswali magharibi, kesho ni thelathini. Wakaanza kupanga safu. Kibla chetu ni kaskazini, kwa hiyo magharibi ikabaki kushoto kwao, na mimi peke yangu nikawa nimebaki nimeielekea.

Lile wingu lilikuwa limeondoka. Pale jua lilipoingia palikuwa na wekundu, juu yake manjano, na juu yake rangi ambayo sina jina lake, si kijani wala si buluu, imetulia kama maji yaliyooshewa mchele. Na ndani ya rangi hiyo kulikuwa na mkwaruzo.

Nikadhani ni jicho. Nikapepesa, ukapotea. Nikatazama pembeni kidogo, ukarudi. Ulikuwa mwembamba, jamani, mwembamba kuliko uzi, umelala chali, katikati unaonekana na huku na huku ncha zake zinayeyuka, kama mtu ameweka ukucha kwenye unga wa chapati akaondoa upesi. Nikafunga jicho la kushoto, hakuna. Nikafunga la kulia, upo. Nywele zikanisimama chini ya mtandio. Miaka sita! Na ulikuwa haupigi kelele, haungojei mtu, unateremka tu kuelekea vilimani, kitu kidogo namna ile ambacho dunia nzima inafunga na kufungua kwacho, na wa kukiona alikuwa ni mimi, mtu ambaye hata jua limemshinda.

Nikamuuliza Mama Atieno, "Unaona kitu pale?"

Akakaza macho. "Naona moshi ya samaki yangu."

Basi nikajua niko peke yangu. Nikisema na nikawa nimekosea tena, sitaingia tena msikiti ule. Nikinyamaza, kesho watu hawa watafunga siku ya Idi, siku ambayo Mungu ameikataza isifungwe, na mimi najua. Na wakimaliza kuswali utakuwa umezama.

Sikwenda kwa Ustadh. Nilikwenda kwa Bi Zuhura, kwa sababu hakuna mtu Kaloleni ambaye amewahi kumsikia akikubali kitu bure. Alikuwa safu ya nyuma ya wanawake anatengeneza mtandio.

"Zuhura, nisamehe ya jioni. Njoo utazame kitu."

"Umenilisha tende mchana, sasa unataka kunilisha mwezi?"

"Sitakwambia ni nini. Ukiona, utasema mwenyewe."

"Hata kama nikiona ng'ombe?"

"Sema ng'ombe."

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto anayepimwa nguo, nikakigeuza, nikakishusha kidogo. Akalalamika kuhusu shingo. Halafu akaacha. Nikausikia mwili wake ukitulia mikononi mwangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umelala chali," akasema polepole. "Rehema, umelala chali. Subhanallah. Mbona mwembamba hivi?"

Nilikuwa sijamwambia chochote, si chali wala si mwembamba. Nikaanza kulia, macho yote mawili, la zamani na jipya.

Bi Zuhura ndiye aliyepiga kelele. Safu zikavunjika, Ustadh akaja, akaonyeshwa, akatafuta kwa muda mrefu mno, kisha akasema "Allahu akbar" kwa sauti ndogo, ya kunong'ona, na watu mmoja mmoja wakaupata. Watu arobaini na wavuvi na Mama Atieno wamenyamaza, mafuta tu yanalia kikaangoni. Kisha ukagusa kilima, ukaondoka.

Ustadh alitoa simu kuwapigia wakubwa wake, akauliza majina ya walioona kwanza. Bi Zuhura akasema, "Andika Rehema binti Juma. Ni yule yule aliyekula mchana, lakini andika." Ustadh akacheka kwa mara ya kwanza. "Dani," akaniambia, "mwakani utazame mwezi. Jua tuachie sisi."

Siku ile tuliilipa wiki moja baada ya Idi, tulikubaliana tuifunge pamoja, wakaja kufuturu kwangu karibu wote, na Saumu kwa amri ya Bi Zuhura akanifungia jikoni, dirisha limezibwa kwa gunia, mpaka muadhini alipomaliza. Nilistahili. Tangu hapo siweki kitu mdomoni mpaka nisikie adhana kwa masikio yangu, na nikiwa mahali isipofika, mpaka Zuhura aseme.

Mliokuwepo, kama nimemsahau mtu au nimempa mwingine maneno yake, njooni mniambie nitengeneze. Mama mkwe wa Halima anadai hakula, alionja tu, nalo nitaliandika akitaka. Lakini wa kwanza kumeza nilikuwa mimi, na mwezi ulikuwa pale. Kwa hayo mawili msije.