Orodha Inapojisogeza

Wiki iliyopita nilimfokea mwanafunzi kwa sababu ya mistari minne ya programu, na mpaka sasa sijamwomba radhi. Nafundisha hapa Lushoto lugha za kompyuta, zile ambazo kila kitu ndani yake hubeba taarifa zake na kazi zake. Orodha nayo ni kitu. Ukiiambia iongeze, inaongeza, na ikijaa inajitafutia nafasi zaidi yenyewe. Ukiiambia iondoe, inaondoa, na wote waliokuwa nyuma wanasogea mbele nafasi moja ili lisibaki pengo. Wanafunzi huipenda sana. Mimi niliijua kabla sijaona kompyuta, na siipendi hata kidogo.

Mwanafunzi huyo alikuwa akipitia orodha ya majina, la kwanza, la pili, la tatu, huku akiyaondoa yasiyotakiwa humohumo njiani. Programu ikaruka jina moja. Nikamwonyesha. Akasema, "Mwalimu, ni moja tu." Hapo ndipo nilipomfokea.

Wakati wa ujamaa nilikuwa karani wa kijiji chetu, kule upande wa Shume. Nilikuwa nimemaliza shule juzijuzi na kichwa kilikuwa kimenivimba. Siku ya kugawa mashamba mapya mwenyekiti hakutaka majina yaitwe. Alisema jina linataja ukoo wa mtu na dini yake, halafu yanaanza manung'uniko, lakini namba haina ukoo. Nami nikaja na mpango wangu, nikauona wa akili sana. Tulipanga mabenchi ya mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, nikaandika namba kwa chaki mbele ya kila nafasi, na watu wakakaa kwa mfuatano wa kujiandikisha. Kwenye karatasi yangu hapakuwa na jina hata moja. Mama yangu, mjane, alikaa nafasi ya nane.

Vipande vya kwanza vilikuwa bondeni, penye maji, kabichi inakostawi mwaka mzima. Vya mwisho vilikuwa juu kwenye mteremko wa mawe. Kila mtu alilijua hilo, na mama alijiandikisha mapema kwa sababu hiyo.

Mwenyekiti akaita namba moja, mtu akaitika, nami nikamwandikia kipande kilichofuata, kuanzia bondeni kwenda juu. Ilipofika saba, kimya. Aliyestahili kukaa pale alikuwa amehamia Mazinde bila kuaga. Mwenyekiti alikuwa mtu asiyevumilia pengo kwenye benchi, akawaambia wote wa nyuma wasogee. Wakasogea. Mama akatoka nane akaingia saba. Aliyekuwa wa tisa akaingia nane. Kisha mwenyekiti akaita nane, na yule wa tisa akaitika, akapewa kipande cha bondeni.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na kalamu mkononi. Niliona kila kitu na sikuona chochote. Mwishoni vilibaki vipande viwili vya juu. Kimoja kilikuwa halali kubaki kwa sababu ya yule aliyehama. Cha pili kilitoka wapi? Karani mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nilikuwa nakunja karatasi zangu.

Mama akaja mezani. Aliniambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini ili asiniaibishe, "Mwanangu, mimi sijaitwa."

Watu walikuwa wanatazama. Nilichoogopa kuliko vyote ni kuambiwa nampendelea mama yangu. Sikumjibu kwa Kishambaa. Nilimjibu kwa Kiswahili cha ofisini, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho: "Ndugu, ulipokaa ni saba, na saba imeshaitwa."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, ameridhika na karani wake. Mama akapewa kipande kimojawapo cha juu. Alikilima kwa miaka mingi, akipandisha maji kichwani, mpaka magoti yakamkatalia. Kila nikikumbuka magoti yale najichukia, na simsamehe mwenyekiti pia, ingawa yeye alisema tu watu wasogee.

Miaka mingi baadaye, nikiwa najifunza programu, mkufunzi alituonyesha kosa hilihili kama jambo la kuchekesha. Darasa zima lilicheka. Mimi nilitoka nje. Dawa yake ni nyepesi mno: ukitaka kuondoa huku unapita, anzia mwisho uje mbele, kwani watakaosogea ni wale uliokwisha kuwaita. Basi. Tungeanza kuita kutoka nyuma, mama asingerukwa. Ningeandika majina tu, asingerukwa. Ningemsikiliza, ningerekebisha palepale kwa kalamu ileile.

Nilimwambia hivyo yule mwanafunzi, kwa ukali usiomstahili, na sikumweleza ukali huo ulitoka wapi. Kwake ni jina moja tu.

Jioni ile ya ugawaji nilirudi nyumbani, nikamkuta mama anachambua maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuinua uso.

"Marahaba, ndugu," akasema.