Jumapili Ambayo Majina Hayakusomwa

Harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa mvua, yakikaukia juu ya hita, ndiyo iliyokuwa harufu ya siasa nyumbani kwetu uhamishoni, mtaa wa Perry Barr. Kila Jumapili alasiri wanachama wa chama cha baba, watu kumi hivi waliomkimbia jenerali aliyeipindua serikali ya nchi yetu, walijibana sebuleni. Kabla ya jambo lolote walisimama, nami, binti wa miaka kumi na mmoja, nikawasomea majina ya wenzao waliobaki gerezani. Jina la saba lilikuwa la mjomba Idrisa, mdogo wake mama. Mama aliacha masufuria yake akaja kusimama mlangoni mpaka jina hilo lisomwe.

Majira yale ya baridi jenerali alitaka kuvua magwanda na kuwa rais. Vyama kadhaa viliungana kumuunga mkono, na muungano huo ukatutumia mjumbe, bwana mnene mwenye skafu ya hariri. Nilipokunjua karatasi yangu, alitabasamu.

"Mwanangu, leo ni siku ya furaha. Tusiigeuze matanga."

Nilimtazama baba, aliyekuwa mwenyekiti. "Kaa chini," akaniambia, macho yake yakiwa kwa mgeni.

Mama alikuwa keshafika mlangoni. "Baba Zuhura, yasomwe."

"Tuletee chai, Mama Zuhura."

"Chai ipo. Yasomwe kwanza."

Mmoja wao, mpenda mzaha, akasema, "Shemeji, Idrisa angekuwapo hapa angeshaomba wizara."

Wakacheka. Watu ambao Jumapili iliyotangulia walimwita jenerali mchinjaji walicheka huku wakipitishiana kalamu na hati ya kujiunga na muungano, na baba akatia sahihi wa kwanza. Nimesoma mengi tangu wakati huo kuhusu bei ya dhamiri, na bado nashangaa jinsi yao ilivyokuwa rahisi: walitosheka kuitwa waheshimiwa katika sebule ya nyumba ya kupanga.

Baba alirudi nyumbani akawa naibu waziri. Mama alikataa kumfuata. Mwaka wa pili mjomba Idrisa alifia gerezani, na habari tuliletewa na mtu baki.

Leo mwanajeshi mwingine amekalia kiti kilekile, na muungano mwingine umeundwa kumtetea. Baba, sasa mzee, amerudi ughaibuni na anaishi kwangu, mtaa wa Kings Heath, na vijana huja kumuuliza kama wajiunge. Huwaambia kwamba yeye alijiunga ili amtoe shemeji yake kifungoni, nao hutikisa vichwa kwa heshima. Juzi mwanangu, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza babu yake kama kweli aliwahi kuomba mjomba aachiliwe. Baba akajibu kwamba nafasi haikupatikana.

Alikaa katika wizara ile miaka minne. Ndiyo iliyosimamia magereza.