Beseni la Maua ya Zambarau

Kila nikisikia harufu ya magugumaji yanayooza, namkumbuka mama na beseni lake. Baba alikuwa amenasa mmea mmoja wavuni, wenye maua ya zambarau, akamletea mama, naye akaupanda kwenye beseni la maji. Jirani yetu, mpenda maua kama yeye, akawa anakuja kuuona.

"Jirani, huu umezaa tena? Si unigawie!"

"Beba tu. Mingine nimeitupa ziwani, samaki nao wapambe kwao."

Wakacheka sana.

Nilipofika darasa la nne, magugumaji yale yalikuwa yamefunika ziwa. Mashua ya baba ikanaswa humo, na baba hakurudi. Kila asubuhi mama aliingia majini pale ufukweni Dunga, akiyang'oa kwa mikono.

"Mama, twende nyumbani," nilimwambia.

"Tangulia, mwanangu. Haya niliyatupa mimi."