Kitabu cha Mwandiko Kinachofutika

Binti yangu aliacha shule akiwa darasa la pili. Hakufukuzwa, wala sikugombana na mwalimu, ingawa jirani zangu hapa mtaani Nyakato wameshasimulia yote mawili. Ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Mwezi huu alikuwa akienda shule wiki mbili, mwezi ujao haendi kabisa, na kila akirudi anakuta wenzake wameshafika mbali, analia. Baba yake, ambaye kazi yake iko mgodini Geita na nyumbani huja mara moja kwa mwezi, alisema basi asomee nyumbani, si upo? Nipo kweli. Natengeneza keki za kuuza. Jiko ndiyo ofisi yangu, na meza ya chakula ikawa darasa.

Mama mkwe hakuupenda mpango huo hata kidogo. Amefundisha shule ya msingi huko Magu maisha yake yote mpaka akastaafu, na kwake yeye mtoto asiye na sare wala kengele ni mtoto anayezurura tu. Alikubali kwa sharti moja, na mume wangu akaliafiki palepale: akiona mtoto haendelei, atamchukua akakae naye Magu, arudi darasani. Nikamjibu kwenye simu, sawa mama. Kliniki ya mtoto iko hapa mjini. Maumivu yakimshika, mimi ndiye ninayejua pa kumkanda na pa kutomgusa. Hofu yangu ya Magu sikumwambia mtu.

Nilipofikia kumfundisha mwandiko wa kuunganisha, nilijiona niko nyumbani. Wateja wangu hunisifia hivyo hivyo, kwamba jina likipita juu ya keki ya sherehe ya sendofu kwa mkono wangu halikatiki mpaka herufi ya mwisho. Tena nilijua walimu wa zamani humpima mtoto kwa mwandiko. Tukaenda Mkuyuni, mimi na binti yangu, kwenye duka la vifaa vya shule.

Muuzaji alituwekea vitabu viwili juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa cha karatasi ya kawaida, kimechapwa hapahapa nchini, herufi zina mishale ya kuonyesha kalamu ianzie wapi, na kwenye jalada kuna mstari wa kuandika jina la mwanafunzi. Cha pili kilikuwa kinene, kurasa zake zimepakwa plastiki, kina kalamu yake na kitambaa chake. Unaandika, unafuta, unaandika tena. Kwenye jalada mtoto wa kizungu alikuwa anacheka meno yote nje.

Binti yangu alishika cha kwanza. "Mama, hiki kina sehemu ya kuandika jina."

Nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia na muuzaji, kwamba hicho kingine ndicho wanachotumia watoto wanaosomea nyumbani huko nje. Sikuwa najua huko nje wanatumia nini. Nikaongeza sababu za maana: vidole vyake huvimba, akikosea kwenye karatasi atasugua na ufutio mpaka itoboke. Ni kweli tupu, lakini siyo iliyonifanya nikinunue. Nilikinunua kwa sababu ya wateja wanaokuja kuagiza keki, wanamkuta mtoto mezani, wananiuliza kwa ile sauti yao ya huruma, "Huyu leo hajaenda shule?" Nilitaka wakione kile kitabu kwanza, waufyate.

Na waliufyata. Kitabu kilifanya kazi yake vizuri sana kwa wageni. Binti yangu alikuwa anaandika kila asubuhi mimi nikikoroga mayai na sukari, ananiita nije nione, nakuja na mikono ya unga, nasema vizuri, geuza ukurasa mwingine. Nilikuwa naangalia kama ukurasa umejaa. Umejaa nini, sikuwa na muda wa kuangalia. Mchana meza ikihitajika nachukua kitambaa, nafuta yote, napanga mabati yangu ya keki.

Tukaenda hivyo karibu mwaka, mpaka mama mkwe alipopiga simu. Anakuja Alhamisi. "Uniandalie madaftari yake ya mwandiko tangu mwanzo," alisema. "Hesabu mtoto anaweza kuotea. Mwandiko hauotewi."

Nilikifungua kile kitabu. Kurasa zote nyeupe, zinang'aa, kama vile hakuna mtoto aliyewahi kukigusa.

Mtu mwenye akili zake angesema, mama, sisi tunafuta. Basi. Lakini niliisikia hiyo sentensi ikitoka mdomoni kwangu, nikaona atakavyoishusha miwani, nikaona begi la mtoto likipakiwa kwenye gari la Magu. Nikaenda dukani nikanunua daftari. Mchana huo mtoto akiwa amelala nilikaa kwenye meza ileile nikamwandikia mwaka mzima.

Linaloniumbua hasa ni kwamba nilifurahia. Nilianza na herufi zinazopepesuka, nikaziimarisha kidogokidogo ukurasa hadi ukurasa. Nikaipa herufi ya k mguu uliovunjika na g mkia uliojisokota. Nikaweka tarehe za nyuma, nikasahihisha kwa wino mwekundu, nikaandika "Jitahidi" hapa na pale. Pembeni nikapitisha kidole chenye mafuta ya kupikia ili kurasa zionekane za siku nyingi. Nilijizuia nisiandike vizuri kupita kiasi. Mtoto wa miaka tisa, nilijiambia, mgonjwamgonjwa, atakuwa anaandika hivihivi.

Alhamisi mama mkwe aliingia na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akaanza utani wake na mjukuu tangu mlangoni. "Mke mwenzangu yuko wapi? Njoo unieleze, umemlisha nini mume wetu huko Magu mbona ananiulizia wewe tu?" Binti yangu akacheka, akatoa shikamoo, akajibanza ubavuni kwake. Walikunywa chai. Kisha bibi akavaa miwani, akaomba daftari.

Alifunua taratibu, kama anavyosahihisha mwalimu asiye na haraka. Mtoto alikuwa ameegemea mkono wa kiti, anatazama kurasa pamoja naye. Nilimwona alivyotulia.

"Hii yote kazi yako, mke mwenzangu?"

Binti yangu aliinua macho akaniangalia, mara moja tu. "Ndiyo, bibi."

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikamuuliza mama mkwe kama sukari imetosha.

"Hebu niandikie mstari mmoja hapa," akamwambia mtoto, "nione unavyoshika kalamu."

Akakaa, akaandika polepole, ulimi umetokeza pembeni ya midomo. Herufi zilipepesuka. Ile k ilikuwa na mguu uliovunjika. Nilidhani ni woga, halafu nikadhani vidole vinamuuma, na Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba mwandiko umefanana na wa kwenye daftari.

Mama mkwe alivua miwani. Hakusema mbele ya mtoto; alinifuata jikoni, ingawa mlango wa jiko langu haufungiki. "Mkono bado kabisa," alisema, bila ukali. "Mwaka mzima, na bado hivi? Nitasubiri mpaka likizo ya Juni. Kila Jumamosi unipigie picha ukurasa mmoja unitumie. Asipobadilika namchukua, na nimeshaongea na mwanangu." Nikasema sawa mama. Nilimsindikiza mpaka kituo cha Igoma, akapanda gari.

Niliporudi mtoto alikuwa mezani na kile kitabu cha kufuta, anaandika. Nilisimama nyuma yake. Mikono yangu ilikuwa haina unga, na keki haikuwepo ya kunisubiri, kwa hiyo nikaangalia. Herufi zilikuwa zinatoka zimelala upande mmoja wote, za duara, zimeshikana, kalamu hainyanyuki mpaka neno liishe. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu wa kwenye keki. Nasema hivyo mimi, ninayelipwa kwa mwandiko.

"Umeanza lini kuandika hivi?"

Alifikiri. "Zamani. Si unafutaga."

"Sasa mbona kwa bibi hukuandika hivi?" Hata wakati huo nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba aliyekosa ni yeye.

"Ungekuwa haufanani na wa kwenye daftari. Bibi angejua."

Nilivuta kiti nikakaa. Kwa mlango ule usiofungika, lazima alikuwa amesikia kila neno la jikoni. Alijua habari ya Magu. Alikuwa ameuharibu mkono wake mwenyewe kunifichia uongo wangu, na malipo yake ni kwamba sasa anahesabiwa mtoto asiyejua. Na mimi, mama yake, nilipokaa kubuni anavyoandika, nilibuni mtoto mzito, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa namwona. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Akafunika kalamu. "Mama, Jumamosi niandike mwandiko upi? Wangu au wako?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza tu, kama anavyouliza avae gauni gani kwenda kanisani.

"Wako," nilisema. Nikachukua simu nikampigia mama mkwe, nikamwambia mtoto asiondoke. Gari lilikuwa halijafika mbali. Nilisikia kelele za abiria.

"Vipi, nimesahau kitu?"

"Hapana, mama. Lile daftari niliandika mimi. Lote. Mtoto anaandika vizuri, mama, anaandika vizuri sana, ila alipoona lile daftari akauharibu mwandiko wake ili ufanane."

Akasema, "Mpe simu mjukuu wangu."

Nikampa. Alisikiliza, amenipa mgongo, anakunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza. Halafu akashusha sauti ili nisisikie, lakini nilisikia.

"Hapana, bibi, hakunituma niuharibu," alisema. "Niliona tu mama ataaibika."