Mabati ya Elkana

MABATI ZILIFIKA! Zote, mpya, zinang'aa mpaka ng'ombe zikatoroka! Hiyo ndio kitu poa zaidi ilifanyikia familia yetu mwaka wa 1996, na dana Zilpah, nyanya yangu, hajawahi kuifurahia hata siku moja.

Bwana yake, Elkana, alikuwa anachimba dhahabu Macalder. Shimo ikaporomoka, mbao ikampiga kichwa. Hospitali ya Migori yenye walimpeleka haikuwa na mashine ya kupumua. Kulikuwa tu na mpira unafinya na mkono. Ukifinya, anapumua. Ukiacha, basi. Dana akafinya. Akichoka, Priscah, dada ya Elkana, anashika.

Siku ya pili daktari akammulika macho na tochi.

"Mama, ubongo imekufa. Hapa ni mikono yenu tu inapumua. Mkiacha, hakuna mtu atawalaumu."

"Na moyo?"

"Moyo bado inapiga."

"Sasa nitamuacha aje na moyo inapiga?"

Cephas, ndugu ya Elkana, akaingilia. Elkana alikuwa amepanga chumba huko Macalder, nyumbani Ndhiwa hakuwa na nyumba. Na kwetu Wajaluo, mwanaume ako na bibi hazikwi bila nyumba yake. Akikufa kwanza, anajengewa ya haraka, ya kuonyesha watu tu. Cephas hakutaka hiyo aibu.

"Min Austine," akamwambia (yaani mama ya Austine, babangu), "finya tu, sisi tujenge. Ikiisha tutamuachilia akiwa na kwake."

Dana akaona nyumba ya nyasi itaisha haraka. Akadanganya.

"Yuora, shemeji yangu, Elkana aliniambia anataka mabati. Nyasi hataki kabisa."

"Huyu ndugu yangu!" Priscah akacheka. "Hata viatu hana, anataka mabati!"

Elkana hakuwahi sema hivyo. Lakini mabati wangetoa wapi? Ingechukua miezi, na kwa hiyo miezi labda angeamka.

Sasa wachimbaji wa Macalder wakasikia hiyo ndio neno ya mwisho ya rafiki yao. Wakachanga wote, hata wenye walikuwa wamekosana naye. Siku ya tano Cephas akaingia wodi na matope kwa suruali, anacheka na kulia.

"Min Austine! Tumegonga mabati zote! Elkana ako na kwake!"

Watu wa wodi wakapiga makofi. Dana akaendelea kufinya. Angesema nini? Kwamba alidanganya?

"Nikushikie?" Priscah akauliza pole pole.

"Hapana. Hii ni yangu."

Akafinya mara moja tena. Halafu akafungua vidole.

Cephas alikufa bila kujua. Dana aliniambia juzi tu, akasema sasa naweza andika. Bado anakaa kwa hiyo nyumba, mabati imeshika kutu. Mvua ikianza anatoka nje, ananyeshewa, sababu hawezi sikiza hiyo kelele ya mabati. Anasema yeye ndio alimuua Elkana. Nilimwambia hapana, hakuniamini.

Tafadhali watumie wengine hii hadithi.