Mgonjwa Aliyerudi na Samaki

Aibu hii niliitafuta mwenyewe. Ijumaa nilimpigia simu Wambui, Mkenya mwenzangu katika nyumba ya wazee tunakofanya kazi hapa Edmonton, London. Nikakohoa kidogo, nikamwambia nina homa kali. Maskini, akakubali kunishikia shifti za wikendi, juu ya zake.

Homa yenyewe ilikuwa safari ya pwani ya Cornwall. Nilikuwa nimelipia nafasi kwenye boti ya kukodi inayopeleka watu Atlantiki kuvua na kutazama pomboo. Pomboo sikuwaona, maana nilitapika safari nzima nikiwa nimekumbatia ndoo. Hata samaki sita niliorudi nao alinivulia nahodha, kwa kunihurumia.

Nilichosahau, mjinga mimi, ni kwamba Wakenya hatuachi mgonjwa bila kumtembelea. Jumapili jioni nikipanda ngazi za fleti yangu, niliwakuta mlangoni akina mama wanne wa kanisani, wamebeba chapati na thamosi ya uji. Walikuwa wamegonga mpaka wakaogopa. Mmoja alikuwa analia. Wambui, bado amevaa yunifomu ya kazi, alikuwa anaita ambulensi kwa simu.

"Hafungui! Na anaishi peke yake!"

Akageuka, akaniona na kofia yangu mpya ya uvuvi, mfuko wa samaki ukichuruzika maji kwenye ngazi.

Laiti angenitukana. Alikata simu, akaichukua thamosi ya uji, akanipita akishuka.

"Pole na safari, Kamau."