Mchezo wa Papa na Dagaa

Juzi, sokoni Isiolo, mama mmoja alifungua gunia la samaki wa kukaushwa, na harufu ikanisimamisha palepale. Nikawa tena na miaka kumi na moja, darasa la tano, pua nimeiziba kwa kola ya sare.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa pwani, mwembamba na mpole, aliyehamishiwa kwetu vumbini bila kuulizwa. Siku ile alikuwa ametoka likizo na kipande cha papa mkavu kwenye gazeti, kigumu kama ngozi ya ngamia. Kilipita dawati hadi dawati. Wengi wetu maji mengi tuliyowahi kuona ni mto ukifurika, nao haukufurika zaidi ya siku mbili.

“Huko bahari kuu,” alituambia, “hakuna jiwe wala kichaka. Dagaa hana pa kujificha ila nyuma ya mwenziwe.”

Akachora ubaoni kundi la samaki wadogo, duara kama mpira: jodari wakilisukuma kutoka chini, ndege wakilidonoa kutoka juu, papa akipita pembeni na kuondoka na mdomo uliojaa. Kila dagaa, alisema, hujipenyeza ndani. Wa nje ndiye huliwa.

Mapumziko ya saa nne yalipofika tulikuwa tumeyafanya hayo mchezo. Wasichana tulisongamana uwanjani, na Gatwiri, aliyetuzidi wote kwa kimo, akawa papa. Ulikuwa mwaka wa ule ukame, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, na shule ilitupikia uji. Gatwiri akaweka sheria yake. “Dagaa akiliwa hana tumbo tena. Uji wake ni wa papa.”

Tulicheka. Kisha akaja moja kwa moja upande wangu.

Nilikuwa nje kabisa. Mbele yangu, ndani, alikuwa Nakiru, tuliyekaa naye dawati moja. Mbuzi wa baba yake walikuwa wamekufa wote, familia ikahamia kibanda cha magunia kando ya mtaa wa Bulla Pesa, na mama yake akawa muuza makaa. Wiki chache nyuma nilikuwa nimevunja penseli yangu nikampa nusu. Sasa nilimshika mgongoni, nikamvuta kwa nguvu zangu zote, nikaingia alipokuwa.

Gatwiri alimuuma begani, na sare yake ikararuka. Sisi tukashangilia, mimi zaidi ya wote. Nakiru hakulia. Alisimama kando ya sufuria akiuangalia mdomo wa Gatwiri mpaka kikombe kikaisha.

Kesho yake sikungoja papa aje. Nilimtafuta Nakiru mapema. Siku ya tatu wenzangu walikuwa wananisaidia. “Mtoeni Nakiru!” tuliimba, tukimsukuma kwa viwiko, naye akijaribu kurudi ndani huku akitabasamu, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba anajua ni mchezo tu. Mchezo uliendelea karibu wiki mbili. Sote tulijua kwamba kwao hakukuwa na kitu mpaka jioni, na jioni nyingine hakukuwa na kitu kabisa.

Asubuhi moja alianguka kwenye paredi, kichwa kikagonga mawe ya mlingoti wa bendera. Mwalimu alimwinua. “Mbona mwepesi hivi?” alisema. Akamkimbiza zahanati.

Aliporudi alisema ni njaa, akataka kujua nani alikuwa akinywa uji wa mtoto yule. Tulinyoosha vidole kwa Gatwiri, vyote kwa pamoja. Alichapwa mbele yetu, na katikati ya viboko akapiga kelele, “Mwalimu, mimi nilikuwa nakunywa tu! Hao ndio walikuwa wananitolea yeye!”

Mwalimu aligeuka. Hakuna aliyemwangalia usoni.

Wiki iliyofuata mama yake Nakiru alikuja kuchukua daftari. Nakiru hangerudi, angepelekwa Oldonyiro kwa shangazi yake, akachunge. Mama alisimama mlangoni, vidole vyeusi kwa makaa, na badala ya kuondoka akauliza, “Kagendo ni nani hapa?”

Darasa lote lilinigeukia. Nilisimama.

“Nakiru anasema wewe ndiyo rafiki yake. Ati mlikuwa mnacheza pamoja kila siku. Asante, mama. Asante ya penseli pia.”

Alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili. Nilisema, “Karibu.” Gatwiri alikuwa ananitazama. Sikumwona Nakiru tena.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya hivyo kwa hofu, na kwamba mtoto akiogopa hana lawama. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipokubali yaliyobaki. Hofu ilikuwa ya siku ya kwanza peke yake. Siku zile nyingine nilimvuta kwa sababu pale ndani palikuwa patamu: migongo ya wenzangu imenizunguka, uji wangu ni wangu, na wa kuliwa ni mwingine.